Daftari la Voi: magonjwa, serikali na majina yetu

Nimekaa kimya karibu mwezi mzima, kazi zimenizidi. Leo sitaandika kuhusu Linux wala PHP. Nataka kuandika historia kidogo, na wale waliokuja hapa kutafuta msaada wa seva wanivumilie. Mwishoni nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida.

Sababu ni hii. Wiki mbili zilizopita Gmail iliniambia nafasi imejaa. Mimi ni mtu wa kubana matumizi, sikutaka kulipa, basi nikaanza kutafuta barua pepe zenye viambatisho vikubwa nizifute. Kati ya picha za harusi za watu na nakala kumi na mbili za mradi wangu wa mwaka wa nne, nikakuta barua niliyoituma mwenyewe Juni 2020, ndani yake faili ya Excel. Jina la faili: VOI_MWISHO_MWISHO_3. (Mliowahi kufanya kazi ya data najua mnacheka.) Nikaifungua. Mistari zaidi ya elfu mbili. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, anakotoka, anakoenda, joto la mwili, na safu ya mwisho ambayo niliipa jina HALI.

Haikuwa na nenosiri. Ilikuwa imekaa hapo miaka yote hiyo kama shati lililosahaulika kwenye kamba.

Niliingiaje humo? Machi 2020 nilikuwa mwaka wa nne, nasomea sayansi ya tarakilishi. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 13, vyuo vikafungwa siku chache baadaye, nami nikapanda basi na begi langu nikarudi nyumbani Voi, mtaa wa Mwakingali. Nilidhani ni wiki mbili tu. Mwezi wa tano mjomba akanitafutia kibarua cha kuingiza data katika ofisi moja ambayo sitaitaja, shilingi mia tano kwa siku na chai juu yao. Kila asubuhi yaliletwa madaftari kutoka kwenye vizuizi vya barabarani, yale meusi ya jalada gumu, yana vumbi na mwandiko wa haraka. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza kuwa jedwali na jioni kulituma kwa watu niliopewa anwani zao. Nilijiona mzalendo. Kusema kweli nilijiona fundi pia, kwa sababu niliweka rangi: kijani kwa aliye salama, manjano kwa aliyekutana na mgonjwa, nyekundu kwa aliyepatikana na virusi.

Tangu niikute ile faili nimekuwa nikisoma usiku badala ya kulala, nikijiuliza: kabla yangu, ni nani mwingine aliyeketi huku kwetu na daftari?

Wengi, kumbe. Anayeijua Voi atanielewa. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapa. Ukikata kushoto unakwenda Mwatate, Taveta, Holili, na hapo uko Tanzania. Hatuna bandari wala uwanja mkubwa wa ndege, lakini atakaye kwenda popote lazima atupitie. Kwa hiyo likitokea jambo, vita au ugonjwa, mahali pazuri pa kuketi na kuhesabu watu ni hapa.

Tuanze na vita, kwa sababu ndivyo vilivyozaa orodha iliyo mama wa nyingine zote. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko, na Februari 1916 wakapigana na kushindwa kwenye kilima cha Salaita. Watalii huletwa kuona mahandaki hadi leo. Wasichoonyeshwa ni wapagazi. Jeshi la Uingereza lilitumia Waafrika wengi mno kubeba mizigo, ndio waliotuachia majina ya Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Vita vilipokwisha kukawa na mishahara mingi ambayo haikupata mwenyewe, kwa sababu orodha zilikuwa mbovu: jina limeandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, aliyekufa hakujulikana ni nani.

Sasa angalia suluhisho lililopatikana. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilikuwa imepitishwa tangu 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, 1919 na 1920. Ndiyo kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Moja ya hoja za kukitetea ilikuwa kwamba sasa mtu atajulikana, hata kama ni wa kulipwa haki yake. Kilichotokea tunakijua. Kilitumika kumkamata aliyetoroka kazi kwa mzungu, na katika mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta hakuna mwanamume aliyepata kazi bila hicho kikopo. Harry Thuku na wenzake walikipinga mapema miaka ya 1920, nacho kikaendelea kuning'inia hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, usajili ulipopanuliwa kuwahusu watu wa rangi zote. Kitambulisho kilicho mfukoni mwako ni mjukuu wake.

Mtasema kipande hakikuwa cha afya. Ni kweli, kilikuwa cha kazi. Nimekitaja kwa sababu ya umbo lake: kuna dharura, kuna sababu nzuri ya kuandika majina, kisha dharura inakwisha na majina yanabaki na kazi nyingine kabisa. Waandishi wa programu tuna tabia hiyo hiyo. Unaongeza safu moja ya muda kwenye hifadhidata, "nitaitoa Ijumaa," na miaka mitano baadaye programu nne zinaitegemea.

Basi tuje kwenye afya yenyewe, na hapa nina shahidi nyumbani. Bibi mzaa mama ni mzaliwa wa Taveta. Mwaka 1954 ulianza mradi ambao huenda hujawahi kuusikia hata kama umezaliwa kaunti hii, ingawa wataalamu wa malaria duniani kote wanaufahamu: Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta. Uliendeshwa pande zote mbili za mpaka, Taveta kwetu na Upare wa Kusini kule Tanganyika, na wataalamu wa taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, milima ya Usambara. Swali lao lilikuwa zito: je, malaria inaweza kuzuiwa katika vijiji vya Afrika kwa kupulizia dawa ukutani, na ikizuiwa, vifo vitapungua kiasi gani? Kuanzia 1955 hadi 1959 walipulizia nyumba dawa ya dieldrin. Ili wajue kama inafanya kazi walihitaji vitu viwili kutoka kwa watu: damu, na habari za nani amezaliwa na nani amekufa.

Bibi alikuwa msichana wa kama miaka kumi. Nilimpigia simu juzi nikamuuliza. Alicheka kwanza. "Walikuja na gari, wakasema toeni vyombo nje. Nyumba ikanuka siku nyingi. Hao wa dawa hatukuwaogopa. Tuliwaogopa wa kidole." Yaani wale waliochoma kidole wachukue tone la damu kwenye kioo. Watoto walikimbilia kwenye migomba, na si watoto tu. Watu walisema ni mumiani. Sisi watu wa pwani na bara yake tumelelewa na hadithi za mumiani, wanyonya damu wanaokuja na magari na vifaa, na wanahistoria wameziandikia vitabu vizima. Mmoja wao, Melissa Graboyes, katika kitabu chake cha 2015 kuhusu utafiti wa kitabibu Afrika Mashariki, ameueleza mradi huu wa Pare na Taveta pamoja na hofu hizo. Zamani nilikuwa nikizicheka hadithi hizi. Sasa naona zilikuwa na swali la maana ndani yake: unachukua kitu kutoka mwilini mwangu, unaandika jina langu, unaondoka. Unakipeleka wapi?

Na matokeo? Dawa ilifanya kazi. Malaria ilishuka sana, vifo vikapungua, hasa vya watoto wadogo. Haya si mambo ya kubeza. Huenda mimi nipo kwa sababu ya ile harufu iliyokaa nyumba ya kina bibi. Daftari la wa kidole ndilo lililothibitisha kwamba watoto wanaweza kuokolewa. Lakini 1959 upuliziaji ulikoma. Malaria ikaanza kurudi kidogo kidogo, na wataalamu wakarudi miaka ya 1960 kupima na kuhesabu tena waone inarudi kwa kasi gani. Waliandika makala katika majarida ya Ulaya. Dawa ilikwisha, daftari likaendelea.

Nilimsomea bibi kwa simu kile nilichokielewa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo na mimi nimo?" Nikamwambia yumo kama hesabu, si kama jina. Ripoti zile zina majedwali ya umri, mwaka na asilimia. Jina la mtu halimo. Akasema afadhali, lakini wangerudi wakatuambia. Zaidi ya miaka sitini kupita, wa kwanza kumpa matokeo ya damu yake ni mjukuu wake, kwa simu, tena kwa bando la mia moja.

Shikilia hilo la hesabu na jina, maana kesi inayofuata inalihusu moja kwa moja.

Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa na Rais Moi Novemba 1999. Mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, yenye ulinzi mkubwa wa siri ya mgonjwa. Katiba ya 2010 ikaja na kifungu cha 31: mtu asilazimishwe bila sababu kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi, wala zisifichuliwe bila sababu. Kwenye karatasi tulikuwa tumejipanga vizuri.

Kisha tarehe 23 Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwa makamishna wote wa kaunti. Wakishirikiana na wakurugenzi wa elimu na wa afya, wakusanye takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, habari za walezi wao, pamoja na wajawazito na akina mama wanaonyonyesha wenye virusi. Nia, kwa maelezo ya serikali, ilikuwa kupanga huduma. Siamini kwamba aliyeandika agizo lile alikuwa na ubaya. Lakini fikiria shule ndogo ya msingi juu huko milima ya Taita, darasa la watoto ishirini na tano, na mwalimu anaulizwa ni nani kati yao ana virusi. Habari inapita kwa mwalimu, kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya elimu, kwa kamishna. Kamishna wa kaunti ndiye bosi wa machifu wote. Kila mkono unaoishika hiyo karatasi una shemeji, jirani na rafiki wa kanisani.

Shirika la KELIN na wenzake watatu walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilitolewa na Jaji Isaac Lenaola tarehe 7 Desemba 2016: agizo lilikiuka haki ya faragha na haki za watoto chini ya Katiba. Na hapa ndipo nilipokaa wima kitandani. Jaji hakuishia kusema mmekosea. Aliamuru kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo ndani ya siku 45, na yahifadhiwe kwa namna ambayo haimuunganishi mtu na hali yake ya VVU.

Wenzangu, hili ni somo la hifadhidata la mwaka wa pili! Jina linakaa jedwali moja, ugonjwa unakaa jedwali jingine, katikati kuna msimbo, na ufunguo wa kuunganisha anao mtu mmoja mwenye sababu. Nimesoma hukumu nyingi za ajabu lakini hii ndiyo ya kwanza kuona jaji akimwandikia fundi kazi. Na fundi wa Voi mwaka 2020, mwenye shahada karibu mkononi, aliweka jina na HALI mstari mmoja, tena kwa rangi.

Karibu wakati huo huo kulikuwa na jambo jingine linalofanana. Utafiti wa VVU uliokuwa ugharimiwe na Global Fund ulipendekeza kuchukua alama za vidole za makahaba, mashoga na wanaojidunga dawa za kulevya, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Kwa mhandisi ni wazo safi kabisa: kidole hakidanganyi. Walengwa walikataa. Baadhi ya wanayoyafanya ni kosa la jinai, na alama ya kidole ikiangukia polisi ni ushahidi. Vidole vikaachwa. Voi na Maungu ni vituo vya malori, tunawajua dada zetu wanaofanya kazi usiku barabarani. Kwao hofu hiyo si nadharia.

Sasa Korona, na nitakwenda taratibu kwa sababu nilikuwepo.

Tarehe tatu mziweke kichwani. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini 8 Novemba 2019. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 13 Machi 2020. Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa 16 Novemba 2020. Yaani kwa miezi minane ya mwanzo ya janga tulikuwa na sheria isiyo na mwenye kuisimamia. Mlango una kufuli lakini ufunguo bado haujachongwa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1921, ilikuwa na nguvu zake zote za kutenga watu, na Aprili ziliongezwa kanuni mpya za Korona juu yake.

Kila siku Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisimama mbele ya kamera. Jina la mgonjwa wa kwanza hakulitaja, lakini alisema ni mwanamke Mkenya wa miaka 27, amerudi tarehe 5 Machi kutoka Marekani kupitia London. Weka vitu hivyo vinne pamoja na uwe na simu yenye intaneti. Aprili, alipopona na kuonyeshwa hadharani kwenye runinga, wiki hiyo hiyo picha na mazungumzo yake ya faragha yalikuwa yamesambazwa mitandaoni. Wakati huo vyombo vya habari viliripoti kwamba simu za watu walioagizwa kujitenga zilikuwa zikifuatiliwa wajulikane kama wametoka nyumbani. Wizara ikaleta Jitenge, mfumo wa kumfuatilia aliye karantini kupitia simu yake. Vijana wa FabLab Winam kule Kisumu wakatengeneza Msafari, ambapo abiria wa matatu anajisajili ili gari likipata mgonjwa wenzake wapatikane. Niliusoma ule mpango kwa wivu. Nilitamani ningekuwa mimi.

Kwetu hakukuwa na programu, kulikuwa na madaftari. Tarehe 8 Aprili 2020 Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungiwa kuingia na kutoka. Sisi tukawa jirani wa nje wa uzio. Watu wetu wengi hufanya kazi Mombasa. Kazi zikafa, wakawa wanarudi nyumbani usiku kwa bodaboda na kwa miguu, wakizunguka vizuizi. Malori hayakuzuiwa, kwa hiyo dereva wa lori akawa ndiye anayeshukiwa kuliko wote. Tarehe 16 Mei mpaka wa Tanzania ukafungwa isipokuwa kwa mizigo, na dereva akatakiwa kupimwa. Foleni ya Taveta ikawa ndefu, cheti kikawa cha siku 14, na baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kielektroniki wa kubeba vyeti hivyo na kufuatilia safari ya dereva. Mtu ambaye kazi yake ni usukani akajikuta jina lake, majibu ya kipimo chake na mahali alipo viko kwenye seva moja.

Na mimi nikiwa nyuma ya laptopu yangu ya HP yenye betri iliyokufa.

Niseme ukweli wa upande wa pili kwanza. Lile jedwali lilisaidia. Nakumbuka siku ambayo abiria mmoja alipatikana na virusi, na kabla ya saa saba mchana waliokaa naye kwenye matatu walikuwa wamepigiwa simu wote, kwa sababu nambari zao zilikuwepo na nilijua kuchuja safu. Mmoja alikuwa mzee mwenye kisukari. Siwezi kusema kazi ile haikuwa na maana. Anayesema serikali isikusanye lolote wakati wa janga hajawahi kumpigia simu mzee kama yule.

Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Birikani aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Dereva mmoja aliyepatikana na virusi alisema alikunywa chai hapo. Jina la mama likaingia kwangu, manjano. Siku mbili baadaye, saa tatu usiku, kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, ikatua picha. Ilikuwa picha ya skrini ya tarakilishi. Majina matano, vitambulisho vyao, simu zao. Nilizitambua rangi zangu kabla sijasoma majina.

Huwezi kuieleza kijani na manjano kwenye kikundi cha watu mia mbili. Asubuhi manjano ilikuwa nyekundu, na mchana mama alikuwa amekwisha kuua watu. Alipimwa, hakuwa na virusi. Matokeo hayo niliyaingiza mimi mwenyewe, nikabadilisha kisanduku kiwe kijani, na hakuna aliyepiga picha ya kijani. Hakupata mteja tena. Akafunga meza akaenda kwa ndugu zake Wundanyi. Alirudi mjini mwaka uliofuata lakini mahamri hakuyarudia. Tukikutana namwambia "shikamoo mama," ananiitikia vizuri, ananiuliza habari za kazi ya kompyuta. Sijawahi kumwambia.

Nani aliipiga ile picha? Jedwali nilikuwa nikilituma kwa anwani kumi na moja. Yeyote kati yao, au mtu aliyepita nyuma ya kiti chake. Ofisini tuliulizana siku moja, kila mtu akaapa, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyefikiria kuuliza kwa nini watu kumi na moja walihitaji majina. Aliyehitaji kupiga simu alikuwa mmoja. Wengine kumi walihitaji hesabu tu, kama ile ya ripoti za Taveta.

Si sisi peke yetu tulioteleza, tena wenye mali nyingi waliteleza vizuri zaidi. Singapore ilitengeneza TraceTogether, programu iliyotumia Bluetooth kukumbuka simu zilizokuwa karibu nawe. Watu waliahidiwa ni ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuitumia data hiyo katika upelelezi wa jinai. Makelele yakawa makubwa, na Februari wakapitisha sheria ya kuwekea mipaka, wakibakiza makosa mazito. Angalau wao walibishana hadharani, na wakaandika mahali fulani. Hapa kwetu, Novemba 2021 ilitangazwa kwamba kuanzia 21 Desemba asiye na cheti cha chanjo hatapata huduma za serikali. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo wiki moja kabla. Jambo lilipokufa mahakamani, hakuna aliyezungumzia tena data yenyewe.

Nimerudia kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Data. Kifungu cha 39 kinasema habari za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kusudi lake. Baada ya hapo zifutwe au ziondolewe utambulisho. Zamani sehemu hii niliiruka, naona ni maneno ya mawakili. Sasa naiona kama safu iliyokosekana kwenye jedwali langu. Niliweka tarehe ya kuingia kwa kila mtu. Tarehe ya kufutwa sikuweka, wala sikuulizwa, wala haikupita akilini. Kipande hakikuwa nayo. Agizo la 2015 halikuwa nayo, mpaka jaji alipoandika siku 45.

Basi nilifanya nini na ile faili? Kwanza nilimpigia aliyekuwa msimamizi wangu. Alihamishwa zamani. Akanipa nambari ya aliyechukua nafasi yake, nikampigia, nikajieleza kirefu. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Hiyo ilikuwa ya Korona, siku hizi iko na nani?" Nikamwambia ndilo ninalouliza mimi. Akasema niandike barua. Nimeandika, Jumatatu iliyopita, na nakala nimewatumia wale kumi na moja. Anwani tatu zimerudisha barua, hazipo tena. Mmoja amejibu kwamba amefuta. Mwingine ameniomba nimtumie tena hilo faili kwa sababu lake limepotea na huenda likafaa kwa utafiti.

Nimefuta yangu kwenye Gmail, kwenye tupio la Gmail, na kwenye flashi mbili. Laptopu ile ya HP nilimuuzia kijana mmoja wa Kaloleni mwaka 2022, na sikumbuki kama niliifomati au nilibonyeza tu kufuta. Kesho nikitoka kazini napitia kwake.

Wiki ijayo, kazi zikiniruhusu, nitaonyesha kwa MySQL jinsi ya kutenganisha jedwali la majina na jedwali la hali, na jinsi ya kuweka kazi ya usiku inayofuta mistari iliyopita muda wake. Ni mistari kama thelathini tu. Ningeweza kuiandika 2020.